Naloksoni ya Kupuliza Puani: Tathmini ya Mzazi Aliyefiwa

Tangu mwanangu alipofariki kwa kuzidisha heroini, nimekuwa nikizungumza na wazazi wenzangu kuhusu uraibu, na kila niendapo hubeba kipulizio cha miligramu 4 cha naloksoni, dawa inayomzindua mtu aliyezidisha heroini. Swali ninaloulizwa zaidi ni kama mtu asiye muuguzi anaweza kukitumia. Jibu langu ni ndiyo, ingawa kina mipaka ambayo familia inapaswa kuijua kabla ya siku ya dharura.

Naloksoni yenyewe si dawa mpya. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 na Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 1983, lakini kwa miaka mingi ilibaki kuwa sindano mikononi mwa wahudumu wa afya. Mwaka 2014 ndipo shirika hilo lilipopendekeza iwafikie pia wale wanaoweza kumshuhudia mtu akizidiwa, yaani ndugu, marafiki na watumiaji wenyewe. Historia hiyo inaniuma, kwa sababu mwanangu alipokufa dawa hii ilikuwapo, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulisikia jina lake. Hilo ndilo lililonitoa ndani na kunisimamisha mbele ya watu.

Heroini, morfini na fentanili, zote za jamii ya afyuni, hushika vipokezi vya ubongo, yaani sehemu za seli zinazopokea dawa hizo, na kudhoofisha upumuaji hadi ukome. Naloksoni huviondoa vipokezi hivyo katika mshiko huo, na mara nyingi mtu huanza kupumua ndani ya dakika 2 hadi 3. Ugumu mkubwa zaidi ni kutambua kwamba wakati umefika. Midomo na kucha hubadilika rangi, mboni za macho husinyaa mno, mtu haamki hata akitikiswa, na huenda akatoa mkoromo mzito wa kooni. Mkoromo huo huwahadaa wazazi wengi, wakadhani mtoto hatimaye amepata usingizi.

Matumizi yake ni mepesi kuliko nilivyotarajia: unaita msaada wa dharura, unamlaza chali, unainua kidevu chake, unaingiza ncha puani na kubonyeza hadi mwisho. Usikijaribishe hewani, kwa kuwa kina dozi moja tu. Asipoanza kupumua baada ya dakika 2 au 3, tumia kipulizio cha pili katika tundu jingine la pua, na kama unajua kumpulizia pumzi, endelea kufanya hivyo. Wanaoogopa kukosea nawaambia kwamba aliyezimia kwa sababu nyingine hatadhurika kwa kupewa naloksoni, japo haitamsaidia ikiwa kilichomlemea ni pombe, kokeini au dawa za usingizi peke yake.

Udhaifu wake mkuu ni muda. Nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90, na dawa ya kulevya aliyotumia inaweza kubaki mwilini kwa muda mrefu zaidi, hivyo mtu aliyezinduka anaweza kuzama tena. Isitoshe, huamka na arosto kali, yaani mateso ya mwili kukosa ghafla dawa ulioizoea, akitapika, amekasirika na anataka kuondoka, na hapo ndipo anapohitaji mtu mtulivu wa kukaa naye mpaka wahudumu wafike. Kuhusu kipulizio cha miligramu 8, mimi sikipendekezi: utafiti uliofanywa kwa polisi wa jimbo la New York na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba hakikuokoa watu wengi zaidi, bali kiliongeza dalili za arosto.

Wapo wazazi wanaoniambia kwamba kukiweka nyumbani ni kumpa mtoto ruhusa ya kuendelea. Ninaielewa hofu yao na siwadharau. Hata hivyo, uraibu hutibiwa kwa methadoni na buprenofini, dawa zinazopunguza hamu ya heroini, pamoja na ushauri nasaha na subira ya muda mrefu, na matibabu hayo yote yanamhitaji mtu aliye hai.

Kwa kuwa aliyezidiwa hawezi kujipulizia mwenyewe, msikifungie kabatini kwa aibu. Kikae mahali pasipozidi nyuzi joto 25, kisigandishwe, tarehe ya mwisho wa matumizi iangaliwe mara kwa mara, na kila anayelala katika nyumba hiyo, hata mtoto wa shule, aonyeshwe kilipo na jinsi kinavyobonyezwa.