Chokoleti ya Moto kwa Wageni: Ununue Nini cha Kutia Juu Ukiwa Lamu

Kusi ikishika, Julai kuendelea, hata sisi wa Amu hujitanda shuka barazani baada ya Isha. Ndio msimu wa wageni. Shule zikifungwa Agosti watoto wa Mombasa na Nairobi wanamiminika kwa bibi zao, na miaka hii Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, nao umeangukia Agosti na Septemba, kwa hiyo hao hawajaondoka na wa Maulidi washafika. Kahawa tungu kwenye dele ipo, haina mpinzani. Lakini watoto hawaitaki. Wanataka chokoleti ya moto, na wanataka iwe na kitu juu yake.

Kitu hicho ndicho kilichonipotezea pesa miaka miwili mitatu kabla sijatia akili. Sasa nina mpango wangu, na ninapima kwa mambo machache tu: kistahimili unyevu wa kisiwani, kisikatishe maziwa, kiliwe na kila atakayeketi mkekani, na kipatikane Usita wa Mui, njia yetu kuu ya maduka, bila ya kumsumbua mtu akibebe kutoka Mombasa.

Tuanze na chokoleti yenyewe, kwa ufupi. Madukani kuna makopo ya namna mbili. Moja ni unga wa kakao mtupu, mchungu. Jingine ni chokoleti ya kunywa, iliyokwisha kutiwa sukari. Geuza kopo usome nyuma: vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake, kikianza kutajwa sukari jua sukari ndiyo unayoinunua. Kama juu utatia kashata na tende, chukua unga mtupu. Kijiko kimoja cha chakula na sukari vijiko viwili vya chai kwa kikombe vinatosha. Ukoroge kwanza kwa maji ya moto kidogo mpaka uwe mzito kama uji, ndipo umimine maziwa, ama utakunywa madonge. Na tia chumvi, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili kwa sufuria nzima. Wengi hawaamini, lakini ladha ya kakao hukaa sawa kwa chumvi kuliko kwa kijiko cha tatu cha sukari.

Nafasi ya kwanza: iliki na kungumanga

Hapa sina ubishi na mtu. Ni rahisi, zinakaa miezi, na mzee na mtoto wote wanazikubali.

Iliki nunua yenye ganda, ya kijani, iliyofumba. Mwombe muuzaji uipasue moja: mbegu ziwe nyeusi na zinate kidogo kidoleni. Iliyopauka na kufunguka mdomo imelala dukani muda mrefu. Iliki ya unga sinunui kabisa, kwa sababu harufu huanza kukimbia siku ile inaposagwa, na hujui ilisagwa lini wala pamoja na nini. Kwa lita moja ya maziwa ponda punje tano kwenye kinu, maganda na yote, uzitie maziwa yakiwa bado baridi, zichemke nayo, kisha uchuje.

Kungumanga ndiyo ya juu. Nunua kokwa nzima, nzito kwa umbo lake, isiyo na vitundu vya wadudu. Uiache nzima mpaka mgeni aketi, ndipo uikwaruze juu ya kikombe chake, kwa kile kikwaruzo cha karoti, upande wa matundu madogo. Harufu inamfikia kabla kikombe hakijafika mdomoni. Kokwa moja inahudumia watu wengi ajabu. Ila usiwe mkarimu kupita kiasi: kungumanga ikizidi inalevya na kuumiza. Mikwaruzo miwili mitatu kwa kikombe, basi, na watoto moja.

Mdalasini unafuata hapo hapo. Kuna mwembamba, uliojikunja tabaka kwa tabaka kama sigara, unaovunjika kwa vidole. Huo ndio wa asili ya Sri Lanka, ladha yake ni ya upole. Na kuna ule mnene, mgumu kama gome, wenye mkunjo mmoja, mkali zaidi na rahisi zaidi. Wataalamu watakusifia wa kwanza. Mimi kwa kazi hii nachukua wa pili, kwa sababu nampa mgeni kijiti akorogee, na mwembamba humvunjikia ndani akaishia kutema vipande. Karafuu iache kwenye pilau.

Tangawizi? Kavu ya unga, sawa. Mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na ukiitia kwenye maziwa ya vuguvugu yanakatika mbele ya macho yako. Ukiitaka mbichi ichemshe kwanza kwa maji peke yake mpaka itokote vizuri. Na mwenye moyo ajaribu chembe ya pilipili kavu ya unga: watu wa Mexico ya kale walikuwa wakiinywa kakao kwa pilipili karne nyingi kabla Wazungu hawajaijua.

Nafasi ya pili: kashata ya njugu, iliyopondwa

Kashata tunaijua kando ya kahawa, lakini iponde iwe chenga, uinyunyize juu ya chokoleti, utaona wageni wanatafuta kijiko. Juu inabaki ngumu, chini inayeyuka kuwa kama karameli. Hakuna kitu cha dukani kilichofungwa kwenye karatasi ya kung'aa kinachoishinda kwa bei hiyo.

Shida yake ni unyevu. Sukari huvuta maji ya hewani, na hewa yetu unaijua, hata chumvi mezani inalia. Ukifika kwa muuzaji ivunje moja: ikilia "ka", nunua, ikipinda, mwachie. Nyumbani itie kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, na usiiponde mpaka maziwa yako motoni. Onja njugu pia. Njugu chungu yenye harufu ya uvundo itupe, usiseme itafichwa na chokoleti, kwani ukungu wa njugu una sumu isiyotoka kwa moto. Na uliza kabla ya kunyunyiza kama kuna mtoto anayedhuriwa na njugu. Wa Nairobi siku hizi hawakosi mmoja. Kwake yeye weka kashata ya nazi, ile nyekundu, ambayo rangi yake humwagikia kwenye povu na kuwafurahisha watoto.

Nafasi ya tatu: tui zito, krimu yetu

Hii ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa na kazi. Nazi iwe nazi, si koroma: itikise usikie maji ndani, yatazame macho yake yawe makavu bila ukungu. Ikune kwa mbuzi, uikande na maji ya vuguvugu kidogo sana, uikamue kwenye kifumbu mara moja tu. Hilo tui la kwanza litie kwenye friji usiku kucha. Asubuhi mafuta yamepanda na kuganda juu, maji yako chini. Chukua ya juu, lipige kwa uma na sukari kijiko kimoja. Halitasimama kama krimu ya keki, lakini linakaa juu ya kikombe, linayeyuka polepole, na asiyeweza maziwa ya ng'ombe anapata chokoleti yake yote kwa nazi. Ukifanya hivyo usiache tui litokote. Koroga, likianza kutetemeka epua, maana tui likikatika halirudi.

Asiye na nafasi anunue la kopo, lakini asome mafuta. Chini ya asilimia 20 hiyo ni ya kupikia samaki, haigandi vya kutosha.

Neno moja kwa wageni wa mji huu: usiache bakuli la tui barazani ukaingia ndani kuchukua vikombe. Paka wa Lamu hawaalikwi.

Tende, korosho, halua

Hizi nimeziweka pamoja maana zote ni za kando ya kikombe zaidi kuliko ndani. Tende laini, iliyotolewa kokwa na kukatwa vipande, huzama chini, na mtu huichokoa mwishoni kama zawadi. Ukiisaga ndani ya maziwa inachukua nafasi ya sukari, lakini mwenye kisukari asidanganywe kwamba ni dawa. Sukari ya tende ni sukari. Korosho tunazo za Kilifi na za bara yetu wenyewe. Nunua mbichi uzikaange siku hiyo hiyo, kwa sababu za kukaanga za pakiti hapa hulegea upesi. Vipande vilivyovunjika ni nafuu kuliko nzima na kwa kazi hii havina tofauti.

Halua iache kwenye kisahani. Niliwahi kuitumbukiza. Wanga wake ulilegea, samli ikapanda juu ikaelea kama taa ya mafuta, na ami yangu akakitazama kikombe kitambo kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni kinwaji au ni mchuzi?"

Zafarani na marashi mawaridi

Watu watashangaa nimeziweka chini. Zafarani ni ghali kuliko vyote nilivyotaja, na kakao inaimeza: rangi huioni, harufu huipati. Itunze kwa maziwa meupe au kwa biriani. Ukishikilia kuinunua, tia nyuzi mbili kwenye maji ya vuguvugu. Ya kweli hutoa manjano polepole na uzi hubaki mwekundu. Ya uongo humwaga wekundu mara moja na uzi unapauka. Marashi mawaridi yana nafasi, tone moja kwa kikombe, mradi chupa iwe ya kutia kwenye chakula na si ya kujinyunyizia.

Mashimelo, krimu ya kupuliza, punje za rangi

Vile vidonge vyeupe laini kama mto, mashimelo, ndivyo watoto wanavyovitaka kwa kuviona kwenye simu. Niliagiza pakiti mbili kutoka Mombasa. Zikapanda basi, zikashuka Mokowe juani, zikavuka kwa boti, na nilipofungua nilikuta donge moja la kukatwa kwa kisu. Hilo ningelivumilia. Lakini shangazi yangu aliokota pakiti, akavaa miwani, akasoma "gelatini" bila ya kutajwa inatokana na mnyama gani, akaweka kikombe chini. Nyingi hutengenezwa kwa gelatini ya nguruwe. Ukizinunua tafuta zenye alama ya halali au zilizoandikwa wazi ng'ombe au samaki, na usizifungue mpaka saa ile ile.

Krimu ya kopo la kupuliza inataka baridi tangu kiwandani mpaka kwako, na juu ya kikombe cha moto haimalizi dakika mbili. Punje za sukari za rangi hazina ladha yoyote. Pakiti ndogo moja kwa ajili ya picha, si zaidi.

Usitie ubuyu, ukwaju wala ndimu, hata watoto wakilia. Vyote vina uchachu, na uchachu unakatisha maziwa. Ubuyu wape mkononi.

Kwa wageni kumi mimi hubeba hivi: maziwa lita mbili, kakao kopo dogo, iliki kumi, kokwa moja ya kungumanga, vijiti vitano vya mdalasini nivivunje kati, kashata kumi na tano (tano zitaliwa njiani), nazi mbili, tende robo kilo na korosho robo. Vyote hupangwa kwenye sinia moja, kila kibakuli na kijiko chake, chokoleti ikiwa kwenye chupa ya chai pembeni, na kila mtu ajitilie apendavyo. Maziwa mwambie muuzaji tangu jana yake. Ukingoja baada ya alasiri utarudi na ya unga.