Nimekalia kiti cha Husk cha Patricia Urquiola hapa Malindi, na huu mto jamani!

Haya wadau, mko salama? Karibuni, na leo msikimbie manake hiki kiti nimekisaka siku nyingi. Kuna mama wa Kitaliano upande wa Casuarina anauza nyumba na vyombo vyake vyote, akaniambia njoo urekodi lakini hapo kitini usije na chai. Sawa mama. Kinaitwa Husk, ni cha B&B Italia, kampuni ya fanicha ya Kitaliano, kilitoka 2011, na aliyekibuni ni Patricia Urquiola. Urefu sijui upana mtaangalia wenyewe kwa tovuti yao, bando zenu siwezi kuzimaliza kwa hayo.

Sogeza kamera. Huku nje ni ganda tupu, plastiki ngumu wanaiita Hirek, sikia nikigonga... ko ko ko. Hilo ndilo linalobeba kila kitu. Sasa njoo ndani, uone huu mto. Umegawanywa vipande vipande kama chenza lililomenywa, na kwa picha utasema ni urembo tu, lakini ngoja. Nabonyeza hiki cha kiunoni, mwangalie jirani yake, hata hajatikisika. Nabonyeza cha begani, cha kiunoni kimetulia zake. Yaani kila kipande kinajitegemea, ukiegemea mgongo unapokelewa pale pale ulipo, ukigeuka vinageuka na wewe. Tazama, nakaa upande. Tazama, mguu juu ya mkono wa kiti, ile mikao mama angenifokea, na bado shingo ina pa kulala! Haya naegemea tena... wallahi naweza kumalizia video nikiwa hivi hivi.

Sasa chukua makochi yetu, na mimi sidharau fundi wa mtu, lakini spanji ni bamba moja limekatwa kwa kisu, linavishwa kitambaa, basi. Muda si mrefu pale kati pamebonyea, mkikaa wawili mnaviringikiana. Hapa ile mishono inashika kila kitu mahali pake, hakuna kuhamahama. Ni ushonaji ule! Shikeni hilo neno nitalirudia.

Huyu mama Urquiola ni Mhispania, kazaliwa Oviedo 1961, akaanza kusomea usanifu majengo Madrid kisha akahamia Milano, pale chuo cha Politecnico akamaliza 1989 chini ya Achille Castiglioni, mbunifu mkubwa wa Italia, na ukitaja Castiglioni mbele ya hawa Wataliano wetu wanaweka kahawa chini. Studio yake mwenyewe kafungua 2001. Kile kiti cha Fjord cha Moroso, kampuni nyingine ya fanicha, ni chake pia, mwaka 2002, kizuri kukitazama lakini mimi moyo uko hapa. Na kuna udaku: mwaka 2015 aliteuliwa mkurugenzi wa ubunifu kule Cassina, kampuni ya fanicha, wapinzani wa B&B, lakini B&B yenyewe ilipoanzishwa 1966 iliitwa C&B, na ile C ilikuwa ya Cassina! Wakaja kuachana baadaye. Mambo ya familia hayo.

Ubaya? Joto bwana. Mto mnene hivi unakukumbatia pande zote, kwa Milano ni raha, kwa Malindi kaskazi ikivuma mwezi wa pili shati linaganda mgongoni. Bila feni usijaribu. Na bei, kikiwa kipya ni maelfu ya euro, kwa pesa hiyo tuktuk ya mtumba unapata na unabaki na ya petroli. Huyu mama anayeuza ananitajia bei ya kirafiki, urafiki wenyewe bado mzito.

Kuna mtu aliandika kwa komenti eti fundi wake wa hapa atakitoa hivi hivi. Hatoi. Ganda la plastiki linataka kalibu ya kiwandani, na kalibu ni ghali, inalipa ukitoa viti vingi sana, sio kimoja cha sebuleni kwako. Lakini ule mto? Ule ni spanji, kitambaa, cherehani na mtu mwenye subira, na hao tunao tele. Mimi ningempelekea fundi picha ya mto peke yake, awekee kiti cha mvule, mgongo wazi upepo upite, hapo hata joto umelipunguza. Kiti cha enzi cha Lamu je, kile cha kufumwa kamba? Kile kinakalisha mtu wima kama anahukumu kesi, kitilie mto wa hivi uone.

Na ndiyo habari yenyewe, video ijayo tuko Lamu kwa mafundi, kwa hiyo gonga sabskraibu, na maiki mpya imeshafika mtaacha kulalamika upepo. Niandikieni hapo chini, kitambaa kiwe cha pamba au turubai? Manake pesa ya spanji nishaitenga.