Chupa inayojijaza maji yenyewe: nimeipandisha mpaka Kibo, njoo uone kilichoingia

Oya wadau mambo vipi, leo sina maneno mengi ya kuanzia kwasababu nina hasira. Nimeshuka Kilimanjaro juzi, magoti bado yanauma, nilipanga nipumzike wiki nzima lakini hii kitu hapa imenikosesha usingizi. Iangalieni. Hii ndio ile chupa ambayo kila ukifungua simu tangazo lake linakurukia, chupa ya wapanda milima inayojijaza maji yenyewe kutoka hewani. Wanakwambia usibebe maji, usitafute mto, bonyeza kitufe, ning'iniza kwenye begi, endelea kutembea, nusu lita kwa saa moja. Nusu lita! Jina la kampuni sitaji, nimeshaiona kwa majina matatu tofauti na maboksi matatu tofauti, ndani kitu kilekile.

Uzito, rangi, ujazo, hayo mnayajua yako kwenye tangazo, nayaruka. Leo naongelea kitu kimoja tu, kujijaza.

Kwanini nimeipandisha mlima badala ya kuijaribia hapa nyumbani Moshi tu tukamaliza? Kuna dada mtazamaji wetu alinitumia DM, anapanda kwa njia ya Marangu mwezi wa nane, mara yake ya kwanza, akaniuliza kaka hii nikinunua si naenda na hiyo moja tu mpaka Kibo, lita nne za maji kila siku zinanipa uzito bure. Nilisoma ile meseji mara mbili nikasikia tumbo linapoa. Kwasababu mimi nimeshamuona mtu aliyeishiwa maji kule juu, kichwa kinampasuka, anatapika, miguu haimtii, na hapo hata muongozaji wake anashindwa kujua hii ni kiu au ni ugonjwa wa mwinuko, dalili nyingi zinafanana. Kwaiyo dada hii video ni yako, na wengine wote mnaofikiria kama yeye.

Haya sogeeni, naifungua. Hiki kifuniko unazungusha hivi, kinatoka, ndani mnaona kibati cha alumini chenye meno meno kama kitana. Nyuma yake kuna kidude cheupe chembamba, ukubwa wa kiberiti. Hicho ni Peltier, ukipitisha umeme upande mmoja unapoa upande wa pili unapata moto, ni kitu cha kweli, Mfaransa Jean Peltier alikigundua mwaka 1834, na vile vifriji vidogo vya kwenye gari vingi vinatumia hichohicho. Kifeni kinavuta hewa, hewa inagusa kibati cha baridi, unyevu unageuka matone, matone yanashuka kwenye chupa. Ni kama soda ya baridi ukiitoa kwenye friji Dar ukaiweka mezani inavyolowa. Kwaiyo sijasema ni boksi tupu. Kitu kipo na kinafanya kazi, msikilizeni kifeni hicho, vvvvv. Shida yangu ni ile nusu lita.

Nisikilizeni vizuri hapa maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Chukua nusu lita ya maji weka kwenye sufuria, washa gesi, usizime mpaka sufuria ikauke kabisa. Kuchemka ni mara moja tu, lakini kukauka ndio unakaa, unakaa, mtungi unaisha. Ule moto wote ulioyageuza maji kuwa mvuke, ukitaka mvuke urudi kuwa maji lazima ulitoe joto lilelile, hakuna pa kukwepea. Kwa nusu lita kwa saa moja hiyo ni kama wati 340, na hizo ni za kutoa joto tu. Na Peltier ni mlafi wa umeme, kwa kazi kama hii ukimpa wati mbili akakutolea joto la wati moja umepata mzuri. Kwaiyo piga mara mbili, unakaribia wati 700. Hiyo ni pasi wadau. Unahitaji umeme wa kunyooshea nguo. Sasa geuza chupa huku ubavuni, hii paneli ya sola, kamera ikishika vizuri mtaona wameandika wenyewe, wati 5. Tano!

Sijaishia kwenye hesabu, nimepima. Hii ni sirinji ya dawa ya mtoto, ya mililita 5, kila nilipoijaribu nilinyonya kila tone lililokuwa chini nikaandika.

Mara ya kwanza nilikuwa Kigamboni kwa dada yangu, kwenye baraza, usiku, lile joto la Dar la kunata, na sikutegemea sola kabisa, niliichomeka kwenye umeme wa ukutani kwa waya wa chaji, masaa 8. Hewa ya vile ina maji kama gramu 24 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa chupa hii hakuna pazuri zaidi ya pwani. Asubuhi nikanyonya. Sirinji ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa, ya tatu ikaishia kwenye alama ya 3. Mililita 13. Usiku mzima! Angalieni nimezimimina kwenye glasi hapa, hazifuniki hata kitako. Alafu nikafanya kitu kingine, nikatoa chupa ya maji ya lita moja na nusu kwenye friji, baridi kabisa, nikaisimamisha juu ya sahani palepale barazani, dakika arobaini tu, jasho lililodondoka kwenye sahani lilikuwa mililita 6. Chupa ya dukani tu, haina kifeni haina sola, na bado ndani ina lita moja na nusu ya kunywa.

Mara ya pili hapa hapa Moshi, mchana, juani, kwa sola yake yenyewe kama wanavyoelekeza. Mililita 2. Na hizo nusu nahisi zilitokana na kwamba niliianzisha alfajiri kukiwa na umande.

Alafu mlimani, kwenye vibanda vya kulala vya njia ya Marangu. Mandara sikuipima, mvua ilinyesha, ingekuwa kuionea huruma. Horombo, mita 3,720, mchana mawingu yalipanda yakatufunika, unyevu upo kila mahali mpaka koti linalowa, nikasema haya sasa ni nafasi yako. Ikapata sirinji moja haijajaa, mililita 4, kwa masaa matatu na kwa pawabenki. Pawabenki ya mAh elfu kumi ikashuka karibu nusu. Nikaambiwa na mwenzangu si ungechaji simu.

Kibo sasa, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, mita 4,700 na ushee. Huko ndiko tangazo lao lilikopigwa, kuna jamaa kasimama kwenye theluji anabonyeza kitufe maji yanapanda kwenye chupa kama bomba. Wadau hewa ya baridi haibebi maji. Kibo mchana nyuzi tano hivi, hewa kavu, unyevu asilimia 30, hiyo ni kama gramu 2 kwa mita ya ujazo. Ili upate nusu lita unatakiwa ukamue mita za ujazo 250 usibakishe hata tone, yani hewa ya vyumba saba vya kulala vya futi 10 kwa 13, ipite kwenye kifeni hiki chenye ukubwa wa kifuniko cha soda, ndani ya saa moja. Niliiacha juu ya jiwe nje ya kibanda masaa mawili. Nilipoifungua meno ya kibati yalikuwa na barafu nyembamba kama unga, chini ya chupa pakavu, sirinji ilinyonya hewa. Sifuri. Na chujio la kifeni lilikuwa limejaa lile vumbi la Saddle, mliopita pale katikati ya vilele vya Kibo na Mawenzi mnalijua lile vumbi, limeingia mpaka kwenye kibati, na hapo ndipo maji yako ya kunywa yanatakiwa kupita.

Sasa kitu kilichoniuma kuliko. Ukitoka Horombo unafika sehemu kuna kibao, maji ya mwisho. Kuanzia pale mpaka Kibo hakuna mto hakuna chemchemi. Maji yote unayokunywa Kibo, ya chai, ya supu, ya kujaza chupa usiku wa kwenda kileleni, yamebebwa na wagumu, yani wapagazi, kichwani na mgongoni kutoka pale. Ukipanda kwa njia ya Machame ni hivyohivyo, kambi ya Barafu hakuna maji, wanachota kambi ya Karanga wanapandisha. Mgumu mmoja aliweka ndoo chini akapumzika karibu yangu, akaiangalia hii chupa inavyolia vvvv, akaniuliza inafanya nini, nikamwelezea. Akaniuliza sasa mbona sisi tunabeba? Sikuwa na jibu la kumpa. Yule bwana mzigo wake mwisho kilo 20 kwa sheria ya hifadhi, na sehemu ya hizo kilo ni maji ya watu, na kuna mtu anauza laki nne kwa kuwaambia wateja kwamba maji mlimani sio tatizo.

Ndio, laki nne kasoro elfu kumi, na usafirishaji nimelipia juu. Kwa hela hiyo unaingia soko la mitumba la Memorial hapa Moshi, unatoka na begi, koti la mvua na soksi za sufi na bado unabaki na ya mchemsho.

Nimeshajua kuna mtu ataandika mbona Ethiopia wanavuna maji hewani. Ni kweli, Warka, ule mnara wa mianzi uliosimamishwa Dorze mwaka 2015, naupenda sana ule mradi. Lakini mnara ule ulikuwa na urefu kama mita 10, ulikuwa na wavu mkubwa wa kusubiri ukungu na umande na mvua, usiku ndio uliupoza bure, haukuhitaji umeme. Sio kitu cha kuning'iniza kwenye begi. Na huko Ulaya mwaka 2016 kulikuwa na chupa ya mtindo huuhuu, Fontus, ya Austria, watu wakaichangia mtandaoni zaidi ya dola 300,000. Miaka yote hii nipo kwenye milima na vifaa, sijakutana na mtu hata mmoja anayo mkononi.

Nikiwa mkweli kifuniko chake nimekipenda. Hakivuji, kina kamba nzuri ya kushika hata ukiwa na glavu nene, nimekitikisa kichwa chini kwenye begi hakuna kitu. Kwa muda nikajisemea basi mtu aitumie kama chupa ya kawaida tu. Hapana, nimebadili mawazo, kwasababu kwenye karatasi ya maelekezo, maandishi ya chini kabisa, wanasema usiweke maji ya moto, yanaharibu mashine. Na usiku wa kwenda kileleni unaondoka Kibo saa sita usiku na maji ya moto! Ndio yanayochelewa kuganda. Chupa ya mlima isiyopokea maji ya moto haina kazi Kilimanjaro.

Wa Kenya mnaoenda Mount Kenya, nyie kwenye kambi za Shipton's na Mackinder's mnalala karibu na mto, chujio la LifeStraw au Sawyer linawatosha, ila usiku liweke mfukoni mwilini, likiganda nyuzi zake za ndani zinapasuka na kwa macho huoni. Au tembe za WaterGuard za kutibu maji. Video ya machujio inakuja, nilisema itatoka mwezi uliopita, kamera ndio ilinigomea, na wiki ijayo natoa kwanza ya taa za kichwa maana mmeniuliza sana. Wapya gongeni kengele.

Dada yangu wa DM, beba hivi. Chupa mbili za plastiki ngumu za lita moja moja, mdomo mpana, za kutumia tena, maana chupa za maji za dukani getini hawakuruhusu kuingia nazo. Elfu kumi na tano mtumba. Maji ya moto jioni, vika soksi ya sufi, na usiku ziweke kichwa chini, maji yanaanza kuganda juu kwaiyo ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Kamelbaki, ule mfuko wa maji wa mgongoni wenye mrija, nenda nayo mpaka Kibo tu, ule mrija ukipanda nao usiku unaganda mapema, ukiupenda sana basi kila ukimaliza kunywa puliza maji yarudi ndani. Na ukifika Kibo ukiletewa maji, mtafute aliyeyabeba umpe mkono.

Tangu nianze kuongea hii chupa imewaka mezani hapa, dakika kumi na kitu. Ngoja nifungue tuone... kamera shuka kidogo... hamna. Kibati kimelowa tu. Nazima, inanimalizia pawabenki.