Yad Sarah, Jerusalem: kiti cha magurudumu cha kuazima, bila malipo

Unaongoza mahujaji Jerusalem na goti la bibi mmoja limegoma njiani? Usikimbilie kununua kiti. Nenda Yad Sarah, Barabara ya Herzl. Wanaazima viti vya magurudumu, magongo, vifaa vya oksijeni na vya kuogea, bure, kwa wenyeji na wageni, wa dini yoyote.

Shirika hili lilianzishwa mwaka 1976 na Uri Lupolianski, aliyekuja kuwa meya wa mji. Sasa lina matawi zaidi ya 100, na wahudumu wengi ni wa kujitolea. Limekua kutokana na gemach, utaratibu wa Kiyahudi wa kukopeshana bila riba. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya dini ya Kiyahudi, huuweka wema wa aina hii juu ya sadaka: sadaka humfaa maskini tu, huu humfaa hata tajiri. Kwa hiyo hujielezi shida zako. Unaacha amana tu, unayorudishiwa kifaa kikirudi. Risiti itunze kama pasipoti.

Usiondoke dirishani kabla ya kupima. Magongo ya kwapani hupimwa mgonjwa akiwa amesimama, amevaa viatu atakavyotembelea: vidole viwili au vitatu vipite kati ya gongo na kwapa, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ulioning'inia, kiwiko kikunjike kidogo. Wengi huliegemea kwapani, wakabana mishipa ya fahamu na mkono ukafa ganzi. Uzito ubebwe na viganja. Geuza gongo uone raba ya chini. Ikiwa imelika hadi laini, omba nyingine, maana mawe ya mji wa kale yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi na yanateleza.

Kwenye kiti, funga breki zote mbili kisha usukume; gurudumu likizunguka, badilisha.

Kasoro kubwa ni ratiba: Sabato, inayoanza Ijumaa jua likizama, hakuna huduma, basi usingoje Ijumaa mchana. Na kiti hakifiki kila mahali. Via Dolorosa, njia ya mateso ya Yesu, ina ngazi, na kupanda Golgotha ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu ni ngazi kali tupu. Ukuta wa Magharibi unafikika, ila pitieni Lango la Jaa, si Lango la Yafa.