Lada Niva ya zamani: shamba la Kwale sawa, Mombasa mjini utajuta

Naona watu washaanza kuulizia Niva tena, ile fowili ndogo ya Kirusi (taya zote nne zinavuta), hasa wenye mashamba ng'ambo ya Likoni, basi mie niseme maana ya mjomba ndio naiendesha mvua zikishika. Ni modeli 2121 yenyewe, injini 1.6 ya kabureta, gia nne, usukani kulia kama zile walizouziwa Waingereza.

Kwanza hii si gari ya jeshi ati. AvtoVAZ, kiwanda cha Lada mjini Togliatti, Urusi, ilianzishwa 1966 kwa mkataba na Fiat, ikawa yatoa saluni, hadi 1970 waziri mkuu wa Usovieti, Kosygin, akawaambia wafanye fowili ndogo ya watu wa vijijini. Ikaanza kutoka 1977, na wakati UAZ (jipu nyingine ya Kirusi) na Land Rover za kawaida bado zinakalia springi za pleti, hii ikaja na koili kote, bodi isiyo na chesisi, na fowili ya saa zote.

Ndani mna mikono mitatu: gia, wa kuchagua hai na lo (lo ni mwendo mdogo wenye nguvu), na wa kufunga difu ya katikati ili taya za mbele na za nyuma zivute pamoja. Ule mlima wa udongo mwekundu wa kuingia shambani, ukitia lo ukafunga difu unaachia klachi polepole, gari inapanda kama kobe, mafuta hata hukanyagi. Juzi kuna Probox ilikuwa imelalia mtaro tukaitoa kwa kamba na taya moja yetu iko hewani, walahi.

Sasa mjini. Esi hakuna ila hita ipo, tena kali, sijui nani Mombasa hii aliiomba, na foleni ya feri saa nane mchana we acha tu. Ukipita 80 transfa kesi (ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) inalia na mikono yote inatetemeka, redio husikii. Taya ya spea wameilaza juu ya injini chini ya boneti, hapo walifikiria, lakini mlango wa nyuma unaishia juu, gunia la nazi mpaka uliinue kifuani ndio liingie (miaka ya 90 wakaja kurekebisha).

Ukienda kuitazama vua kapeti, gonga sakafu na kingo za milango, hewa yetu ya chumvi haijui huruma. Kabureta ni ya ukoo wa Weber, fundi mzee ataielewa, spea nyingine mpaka uagize. Na bei ikisogelea ya Suzuki Jimny, chukua Jimny.

Shamba naipa nane kwa kumi, mji tatu. Mjomba hauzi, msiniulize.