TAHADHARI kwa mnaotaka kubadilisha bati: msitume hela kwa huyu "kaka wa bati" kabla hamjasoma hapa

Wale mlioniuliza kwenye grupu mbona niko kimya tangu Pasaka, jibu ndilo hili. Nimepigwa, yaani nimetapeliwa hela ya bati. Nimepigwa mchana kweupe, na akili zangu timamu, nimesimama kwenye yadi ya mtu huku bati nimelishika kwa mikono yangu miwili. Na kabla hamjaanza na "si ungeuliza kwanza": niliuliza. Niliuliza mpaka yule kaka akaniambia, "Dada yangu, wewe ungefaa uwe mkaguzi." Sasa ndiyo naelewa alikuwa anacheka nini.

Nyumba ni ile ya Mama, Kigamboni, mnaijua. Mabati yake Mzee aliyavusha kwa pantoni, enzi hizo daraja hata halijaota. Upande wa baharini palishaanza kuvuja, sebuleni na chumbani kwa Mama. Masika ya mwaka jana tuliishi na ndoo, na Mama akawa anahamisha kitanda kila upepo ukigeuka. Ninachosema ni kwamba hela ilipopatikana ilikuwa ya bati, si ya kitu kingine, na kila mtu kwenye ukoo alilijua hilo.

Fundi alikuja kwa mgongo wa shemeji. Ndiye aliyepaua ile nyumba ya Chanika tuliyokulia pilau la Idi, kwa hiyo msiniambie nilimwokota barabarani. Alipanda juu, akakaa huko mpaka chai yake ikapoa, akashuka kimya, akawa anafuta mikono taratibu kama daktari anayekuja na majibu mabaya. "Dada, hapa hakuna cha kuziba. Bati lote limeliwa. Ukiziba huku litafunguka kule, utakuwa unanilipa mimi kila masika." Akanionesha picha kwenye simu: bati limeoza kwa kutu, matundu ya kupitisha kidole. Mama akasema, "Mwanangu, mbona mimi naona linavuja pale pale tu, penye kofia, pale juu mapaa yanapokutana?" Fundi akacheka kwa adabu. "Mama, maji yanaingia kule yanatokea huku, yanatembea na papi." Na kweli maji hutembea na hizo papi, mbao za kupigilia bati, muulizeni fundi yeyote. Huo ndio ubaya wa watu hawa, robo tatu ya maneno yao ni kweli.

Hakunilazimisha muuzaji. Alinipa namba za wauzaji watatu, akasema, "Chagua mwenyewe, mimi sitaki maneno." Mmoja hakupokea simu. Wa pili alitaja bei ya kufukuza. Wa tatu ndiye kaka wa bati, mpole, anaanza na shikamoo. Leo najiuliza kama hao wawili walikuwa watu kweli au ni mtu yule yule mwenye laini tatu.

Yadi iko upande wa Tazara kwenda mbele. Si chochoroni. Mashine ya kukunja bati inanguruma, vijana wamevaa kofia ngumu, kuna dada wa mapokezi, bei zimebandikwa ukutani. Kaka akatoka na shati la kuchomekea, akanitafutia kiti, akaagiza maji. Nikaanza kuuliza bei, akanizuia kwa mkono. "Kabla sijakuuzia, ngoja nikufundishe, usije ukaibiwa."

Usije ukaibiwa! Naandika hapa mikono inatetemeka.

Akatoa vipande viwili vya bati, rangi moja, ile nyekundu ya udongo. Akaniwekea kimoja kila mkono. "Kipi kizito?" Nikamwambia cha kushoto. "Hiyo ndiyo geji 28, yaani unene wake. Hiyo nyingine ni 32, ndiyo wanayowauzia watu wakisema ni 28." Akanieleza kwamba geji inakwenda kinyume, namba ikipanda bati linakonda. Kwamba 28 inacheza kwenye milimita 0.35 kwenda juu, 30 inashuka kwenye 0.3 hivi, na 32 ni 0.2 na ushee tu, mtoto akirusha jiwe linabonyea. Akaniambia nikunje kona kwa vidole. Ile nyembamba ikakunjika, ile nene ikanigomea mpaka kidole gumba kikabaki na alama. Akatoa maikromita, kipimo cha unene, kwenye kiboksi chake, akabana kile kipande kinene, akanisogezea nisome mwenyewe, eti yeye haoni vizuri bila miwani. Nikasoma 0.37. Nikatabasamu, nikajiona nimehitimu.

Jamani, nani kati yenu angeondoka hapo? Mwizi wa bati jembamba anakufundisha kulijua bati jembamba? Na bei yake haikuwa ya kutupa, maana vitu vya kutupa mimi navikimbia. Alikuwa chini ya viwanda vikubwa kwa shilingi 1,500 hivi kwa mita, akasema ni kwa sababu analeta mwenyewe koili, lile bati la kuviringisha kabla halijakunjwa, na hana matangazo ya kulipia. Akanigeuzia bati nione maandishi ya wino kwa chini: geji, jina, alama ya TBS, Shirika la Viwango. Akanieleza kwa nini sisi wa Kigamboni tusithubutu kuchukua bati la zinki tupu, upepo wa chumvi unalimaliza upesi, tuchukue aluzinki, lile lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Ni kweli pia. Kila alichosema kilikuwa kweli, isipokuwa bati alilonipakilia.

Malipo, asilimia 70 kwanza ili koili ifunguliwe, salio mzigo ukishuka. Akaunti ya benki akasema mtandao uko chini, akanipa lipa namba. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, si la kampuni. Nikamuuliza. "Huyo ni wifi yako, ndiye mhasibu wetu." Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema nitaipata pamoja na mzigo, mashine imepelekwa TRA kutengenezwa. Akaniandikia ya kitabu, kwa kalamu, na muhuri juu. Tena akaniharakisha kidogo, kidogo tu: masika yanakaribia, wiki ijayo bei inapanda.

Fuso ilifika baada ya isha. Mama ameshalala, taa ya nje mnajua ilivyo. Mzigo umefungwa kwa mabando, nailoni juu. Mimi nilikuwepo, nilifika kwa makusudi, na nilikagua: nilichana nailoni ya kila bando nikaligonga bati la juu kwa vifundo vya vidole. Nene. Zito. Lina maandishi. Fundi akahesabu, akasaini, nikalipa salio. Kesho yake mimi kazini, wao wameshaezua. Niliporudi jioni nusu ya nyumba ilikuwa imefunikwa, inang'aa, majirani wanapiga picha, Mama anatoa machozi ya furaha. Nani angepanda juu kupima?

Lilikuwa zito bati la juu tu. Bati moja kwa kila bando.

Aliyegundua ni kijana wa gata. Alipanda kufunga mfereji, akaweka goti, bati likabonyea mpaka likalala kwenye papi. Akashuka bila kusema kitu, akamwita Baba Neema. Baba Neema, mnamjua, hana maneno mengi, akaja na kalipa yake ya karakana, ile ya kupimia unene. Tukachukua kipande kilichobaki walipokata kona. 0.21, na rangi ikiwa ndani yake. Nikasema haiwezekani, kalipa imeharibika. Tukabeba bati zima lililobaki, la mita 3, mpaka dukani kwa Mangi, tukaliweka kwenye mizani ya mchele, watu wamejaa wananitazama. Kilo nne na nusu. Baba Neema akachukua kalamu ya Mangi akaandika kwenye boksi la sabuni: chuma cha mita moja ya mraba chenye unene wa milimita moja ni kilo 7.85. Bati la mita 3 la geji 28, kwa upana ule, halishuki kilo 7. Mangi akauliza, "Sasa si uwarudishie?" Niwarudishie vipi, Mangi, liko juu ya nyumba na misumari limeshapigwa!

Kumpigia simu yule kaka. Kwanza alipokea. "Dada yangu, bati si lina maandishi? Soma maandishi." Sauti ile ile ya upole. Baadaye akaniblok. Fundi yuko msibani Mahenge, na huo msiba hauishi. Shemeji ananuna, anasema namchafulia jina.

Na bado. Nilipotulia nilizirudia zile picha za kutu, fundi alikuwa amenitumia. Nikazikuza. Mbao zilizo chini ya lile bati bovu zina ukijani wa dawa ya mbao. Kenchi za Mzee, zile mbao za kubeba paa, ni mninga, zimekuwa nyeusi kwa uzee, dawa hazijawahi kuiona. Hilo lilikuwa bati la nyumba nyingine kabisa! Mama alikuwa sahihi tangu mwanzo, palikuwa panavuja penye kofia na kwenye misumari ambayo mipira yake ilikufa. Mabati ya Mzee, ambayo fundi alijitolea "kunisaidia kuyatupa", yamefunika banda la kuku mtaa wa pili. Baba Neema alikwenda kuyapima. Ni manene kuliko niliyonunua. Kuku wa watu wanalala pakavu chini ya jasho la baba yangu, na Mama yangu ana bati la kubonyea kwa goti.

Sasa nataka niseme hivi. RB, namba ya kesi ya polisi, ninayo. Jina na namba viko polisi, ndiyo maana siviweki hapa, nimeambiwa nisiharibu upelelezi. Lakini nchi hii ina Sheria ya Viwango tangu 2009, ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu 1963, ina Tume ya Ushindani, ina TBS, na kwenye sheria ya jinai kuna kosa linaitwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kila mara tunaoneshwa vipodozi feki vinateketezwa mbele ya kamera. Bati haliungui, basi wafungwe wao. Na nguo ya jela waipigie muhuri wa wino waandike "geji 28". Huyu mtu anabandika alama ya TBS kwenye uongo, halafu nyumba ya mjane ndiyo inayopigwa na upepo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani sote tulikesha tunasikiliza paa. Kikija kingine, hili la Mama litakwenda mpaka Mbagala. Wafungwe, na yadi ifungwe, na ile mashine ya kukunja itaifishwe ipelekwe VETA vijana wajifunzie kazi ya halali.

Mnaoniuliza inboksi dalili ni zipi: lipa namba yenye jina la mtu. EFD ya "kesho". Mzigo wa usiku. Fundi anayejitolea kuchukua bati la zamani bure, huyo mkimbieni. Pimeni bati la katikati ya bando, si la juu, na pimeni kwa mizani, uzito wa chuma haupigwi muhuri. Kabla ya kukubali kwamba paa lote limekufa, ingieni darini mchana mkatazame mwanga unaingilia wapi, na picha zipigwe na mtoto wenu, si na fundi. Likiwa limekufa kwenye kofia na misumari tu, badilisheni kofia na misumari, pigeni rangi ya kuzuia kutu, mtafika masika nyingine. Mengine nikikumbuka nitaongeza, sasa hivi kichwa kinaniuma.

Na huyo dada wa mapokezi mwenye hijabu ya bluu, najua unasoma, ulinipa maji ukiwa unajua. Nawe utaitwa.

Kama umenunua kwake kuanzia Januari, usiezue kwanza, usitupe vipande vya kona, tunza muamala wa lipa namba na ile risiti ya kalamu. Njoo inboksi. Tume ya Ushindani tunakwenda Jumatatu asubuhi, Baba Neema anakuja na kalipa yake, na bati la kilo nne na nusu tutalibeba hivyo hivyo zima.