Honda Fit kwa kipimo cha fundi cherehani

Muuzaji alipoanza kunisifia redio na rangi, mimi nilikuwa nimeshainama kwenye mlango wa nyuma, futi mkononi, napima kutoka sakafuni hadi paani. Alidhani namchezea. Sikuwa na mchezo. Mimi ni fundi cherehani, na nilichokuwa natafuta ni gari dogo lisilobugia mafuta ambalo sanamu langu la kujaribishia nguo litasimama ndani yake. Sanamu halilali. Ukililaza na gauni la bibi harusi mwilini, gauni linajikunja na unarudi kwenye pasi upya huku mteja anakusubiri.

Nilikuwa nimeanza na Toyota Vitz ya kizazi cha pili, ile iliyotoka 2005, injini ya silinda tatu, cc 1,000. Nyepesi, inageuka hata pembamba. Mtu na mkoba wake ataipenda sana. Ila siti ya nyuma ilikunjwa kwa kuangukia mbele tu, sanamu likagonga paa. Halafu saa ya spidi iko katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Wengine huizoea kwa siku mbili. Macho yangu yalikataa.

Fit, ambayo kwingine inaitwa Jazz, ilinishika kwa kitu kimoja. Hii ni ya kizazi cha kwanza, kilichoanza kuuzwa 2001, na tangi lake la mafuta limewekwa chini ya siti za mbele. Magari mengi ya aina hii huliweka chini ya siti ya nyuma, na hapo ndipo nafasi inapoliwa. Kwa Fit, sehemu ya kukalia ya siti ya nyuma unaiinua na kuiegemeza kwenye mgongo wake, kama viti vya ukumbi wa sinema, unabaki na uwazi kutoka sakafuni hadi juu. Futi yangu ilisoma sentimita 127. Sanamu, nguzo yake ikishushwa, lina 119. Nikalisimamisha, nikalifunga mkanda. Siku hizi kwenye taa nyekundu madereva wa pembeni wanalisalimia lile kabla yangu.

Ukitaka kubeba majora, unalaza mgongo wa siti ya nyuma badala ya kuinua sehemu yake ya kukalia. Sakafu inaungana na buti karibu sawasawa, na jora la upana wa sentimita 150 linaingia kwa mshazari bila kusumbua.

Mafuta nayo niliyapima, maana mdomo wa muuzaji si kipimo. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilomita, endesha, jaza tena mpaka ijikate, kisha gawanya. Mara ya kwanza, safari ndefu kwa sehemu kubwa, nilikwenda kilomita 432 kwa lita 27: kilomita 16 kwa lita moja. Wiki ya kuzungukia wateja mjini, simama-ondoka, ilishuka hadi 12 na kidogo. Anayekwambia gari lake linakwenda 25 mjini, muulize alipimaje.

Sasa plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini. Injini ya cc 1,300 ya kizazi hiki ina silinda nne lakini plagi nane, mbili kwa kila silinda. Nne ziko mbele, unaziona. Nne ziko nyuma, upande wa kioo, na kuzifikia ni kazi. Fundi mmoja alinitoza ufundi wa zote. Gari likaendelea kutetemeka likiwa limesimama. Nilipompelekea fundi mwingine akanionyesha: za mbele zinang'aa, za nyuma nyeusi kama mkaa. Tangu siku hiyo nadai kukabidhiwa plagi zangu kuukuu, na nazihesabu.

Giaboksi ni CVT, yaani mkanda wa chuma kati ya puli mbili badala ya gia za kawaida, nayo inataka oili yake maalumu, si oili yoyote ya gari la otomatiki. Kabla ya kununua, lijaribu gari likiwa baridi: weka D, achia breki taratibu, usikanyage mafuta. Likianza kwa mitetemo ya kushtuka-shtuka, uliza oili ilibadilishwa lini, na jibu lisipokuja haraka, jiondokee.

Fit haina ulaini. Siti ni ngumu, matairi yanasikika ndani, na bampa la mbele liko chini kiasi kwamba tuta naliingia kwa upande, polepole. Kwa masikio yaliyozoea cherehani kutwa, kelele hiyo naivumilia.

Kizazi cha pili, cha 2007, kimebakiza siti zile zile za kuinuka, na injini yake ya cc 1,300 ina plagi nne tu. Nikibadilisha gari nitakwenda kukitazama hicho, na futi yangu shingoni.